Abunuwasi wa Hekaya na Abu Nuwas wa Historia

Msomaji wa Kiswahili humjua Abunuwasi kuwa mjanja wa hekaya, amshindaye Sultani kwa hila. Abu Nuwas wa historia alikuwa malenga wa Kiarabu, mwana wa mama Mwajemi, aliyeishi Baghdad zama za Harun al-Rashid na kufariki yapata mwaka 814. Alisifika kwa tungo za mvinyo na kwa tungo za mapenzi alizowaelekezea wanaume. Khalifa al-Amin, aliyemkirimu, ndiye pia aliyepata kumfunga. Mwaka 2001 Wizara ya Utamaduni ya Misri iliripotiwa kuteketeza nakala zipatazo 6,000 za tungo hizo za mapenzi. Hekaya zetu zimemhifadhi mcheshi, zikamwacha mshairi. Haifai, basi, kuzifundisha pasipo kumtaja mwenye jina.