Cheche Mia kwa Sekunde: Distribyuta na Sayansi ya Mafundi Wetu

Hebu jiweke hapa. Uko Genkuru, asubuhi ya masika, mvua imepiga usiku kucha. Land Rover ya zamani imejaza watu wanaowahi mnadani. Dereva anapiga stata, injini inazunguka lakini haiwaki. Anapiga tena. Betri inaanza kuchoka. Anatokea mzee mmoja, anafungua boneti, anatoa kifuniko cheusi chenye nyaya tano, anakifuta kwa kitambaa kikavu ndani na nje, anakirudisha. Gari hiyo, imewaka! Mzee anaomba hela ya soda tu.

Abiria watasema mzee ana uzoefu. Ni kweli, lakini alichofanya pale ni sayansi kamili. Na historia ya sayansi hiyo haiishii Marekani au Ulaya, sehemu yake imetokea huku kwetu.

Tuanze na kifaa chenyewe. Kile kifuniko ni cha distribyuta. Mwaka 1909, kule Dayton, Ohio, Charles Kettering na Edward Deeds walianzisha kampuni ya Delco, na Cadillac za mwaka 1910 zikatoka na mfumo wao wa kuwasha injini kwa umeme wa betri. Wakati huo Ford Model T ilikuwa na koili nne, kila silinda na yake. Mfumo uliokuja kuenea duniani ulihitaji koili moja tu, pamoja na kifaa cha kugawa umeme wake kwa zamu.

Unafanyaje kazi? Betri ina volti 12, na volti 12 haziwezi kuruka pengo la plagi. Ndani ya distribyuta kuna platini, ambazo mafundi wengine huziita pointi. Zikifunga, umeme unapita kwenye koili na kujenga usumaku. Zikifunguka ghafla, usumaku unaporomoka, na koili inatoa makumi ya maelfu ya volti. Rota inayozunguka chini ya kifuniko inapeleka umeme huo kwenye plagi inayostahili: katika injini nyingi za silinda nne zamu ni 1, 3, 4, 2.

Sasa piga hesabu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, distribyuta inazunguka nusu yake, yaani mara 1,500. Kila mzunguko unatoa cheche nne. Hizo ni cheche 6,000 kwa dakika, au 100 kwa sekunde. Platini zinafunga na kufunguka mara mia kila sekunde, na uwazi wake ni takriban nusu milimita. Usishangae vikichakaa.

Rudi kwa mzee wetu. Gari likikataa kuwaka, fundi mzuri hakimbilii kununua spea. Anagawa tatizo vipande viwili. Anachomoa waya wa katikati ya kifuniko, anaushika kwa koleo yenye mpini wa plastiki, anausogeza karibu na chuma cha injini huku mwenzake akipiga stata. Ikiruka cheche ya buluu yenye nguvu, basi betri, koili, platini na kondensa viko sawa, na kama ni shida ya umeme, iko mbele: kifuniko, rota, nyaya au plagi. Isiporuka, shida iko nyuma. Jaribio moja, nusu ya washukiwa wameachiwa huru.

Kisha anasoma alama. Unyevu ndani ya kifuniko? Umeme unapita juu ya maji badala ya kuruka kwenye plagi, kwa hiyo kausha. Mstari mweusi mwembamba kama unywele? Hapo kifuniko kimepasuka na umeme umejichomea njia, kukausha hakusaidii, badilisha. Platini zimeungua haraka na cheche ni dhaifu? Mshuku kondensa, maana kazi yake ni kuzuia umeme usiendelee kuruka platini zinapofunguka. Gari linakosa nguvu mlimani? Huenda uwazi wa platini umepungua, zinachelewa kufunguka, na cheche inachelewa pia.

Maarifa haya yalipata mtihani wake hadharani. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliyokuja kuitwa Safari. Vumbi, tope na mito havikujali kiwanda gani kimetengeneza gari. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyekuwa fundi, akiwa na mdogo wake Jaswant, kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Akashinda tena 1974 na 1976.

Mtihani mkubwa zaidi haukuwa na kombe. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bei ya mafuta kupanda, Tanzania iliishiwa fedha za kigeni. Spea zikawa adimu mpaka masharti ya kuagiza bidhaa yalipoanza kulegezwa mwaka 1984. Katika hali hiyo, kukosea utambuzi ni kupoteza kifaa ambacho hutapata kingine. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, anaonyesha kwamba gereji za Tanzania zilikuwa mahali pa kuunda teknolojia, siyo kuipokea tu. Nakubaliana naye.

Magari mengi ya leo hayana distribyuta. Kompyuta inapanga cheche, na fundi anachomeka mashine ya kusoma makosa. Hilo si baya. Lakini mashine inakuambia silinda ya tatu haichomi, haikuambii kwa nini. Bado lazima mtu agawe tatizo, ajaribu, aondoe washukiwa mmoja mmoja.

Tatizo ni kwamba waliojifunza njia hiyo enzi za ukame wa spea wanazeeka, na mengi wanayoyajua hayajaandikwa popote. Kwa hiyo ukirudi nyumbani likizo, iwe Tarime, Mugumu au Sirari, nenda gereji ya zamani ukiwa na daftari. Msalimie mzee, kaa kwenye tairi, muulize swali moja: ulijuaje kwamba ni kondensa? Halafu andika jibu lake lote.