Mgonjwa anasikia nini akiambiwa "kile kituo ni kizuri"?

Mtu aliyekatwa mguu kwa sababu ya risasi, ajali ya pikipiki au kisukari anahitaji mahali pa kujifunza kutembea tena. Mashariki mwa Kongo vituo vya namna hiyo si vingi. Goma kuna Shirika la Umoja, Bukavu kuna Heri Kwetu. Vyote viwili vimesaidiwa miaka mingi na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Hata hivyo jamaa huulizana: wapi ni pazuri zaidi?

Mara nyingi uzuri hupimwa kwa macho: jengo jipya, mashine, wageni wanaopita. Au kwa hesabu ya miguu ya bandia iliyotolewa mwaka jana. Hesabu hiyo inaonyesha kazi iliyofanyika, haionyeshi ni wangapi wanaovaa miguu hiyo hadi leo. Na penye kusemwa "hapa wote wanapona", tuangalie: kituo kinachopokea mivunjiko myepesi tu kitaonekana bora kuliko kile kinachopokea wenye kiharusi na walioumia uti wa mgongo.

Neno "kupona" ndilo linalopoteza watu zaidi. Mgonjwa husikia kwamba atakuwa kama zamani, kumbe mtaalamu anamaanisha kwenda chooni bila kushikwa mkono. Afadhali kumuuliza waziwazi: baada ya miezi sita ataweza nini? Kulima? Kupanda kilima cha kwenda sokoni?

Tena kuna marudio. Mguu wa bandia wa mtoto hubadilishwa kadiri anavyokua. Wa mtu mzima huchakaa baada ya miaka michache. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda hufungwa plasta mpya kila juma kwa majuma kadhaa, kisha huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, kwanza mchana na usiku, halafu usiku tu hadi miaka minne hivi. Viatu vikiachwa mapema, nyayo huweza kupinda tena, hata kama plasta zilifungwa vizuri. Kwa hiyo kituo hodari kilicho mbali, na njia imefungwa na vita, chaweza kumfaa mgonjwa kidogo kuliko cha kawaida kilicho karibu. Wengine huita hayo uvivu wa jamaa. Kwangu mimi, umbali ni sehemu ya ubora wenyewe.

Anayeweza kueleza haya kuliko karatasi yoyote ni mtu wa parokia yenu aliyekwisha kupita huko. Mashemasi wanamjua. Wampeleke akae karibu na kitanda cha mgonjwa, avue mguu wake wa bandia, aseme panauma wapi na alitumia muda gani kabla ya kurudi shambani.