Sauti Nyuma ya Picha: Kutoka Vugiri hadi Ekero

Mwaka 1935 lori lilitoka Vugiri, kwenye milima ya Usambara, likiwa limebeba projekta, jenereta na santuri. Huo ulikuwa mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, ulioendeshwa na Meja L. A. Notcutt kwa msaada wa Carnegie Corporation ya Marekani. Hadi 1937 ulikuwa umetengeneza filamu 35, na maonyesho yake yalifika Kenya na Uganda. Filamu moja ilieleza namna ya kukausha ngozi. Nyingine, faida ya kuweka akiba posta.

Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Sauti ilitoka kwenye santuri, na hapo ndipo palipokuwa na ufundi mkubwa: lugha ikibadilika, hubadilishwa santuri tu, picha ikabaki ileile.

Kompyuta ilirithi mbinu hiyo ya sauti nyuma ya picha. Lotus ScreenCam ya 1994 ilirekodi kila kinachotokea kwenye skrini pamoja na maelezo ya mtumiaji. Mwaka 2004 Salman Khan, baadaye mwalimu maarufu wa mtandaoni, akiwa Marekani, alianza kumfundisha binamu yake hesabu kutoka mbali. Kuanzia 2006 aliweka masomo YouTube. Uso wake hauonekani. Kuna mwandiko unaokua polepole, na sauti.

Kenya ilipofunga shule Machi 2020, masomo yalihamia redioni, kwenye runinga na YouTube kupitia Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Hata hivyo, Wakenya wengi walikuwa wamezoea tangu zamani kuisikiliza picha: kwenye vibanda vya video, DJ Afro alikuwa akisimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, na asiyejua Kiingereza akafuata kisa chote.

Somo hilo, kwamba sauti hubadilika na picha ikabaki, linaihusu Ekero, kituo cha biashara karibu na Mumias, magharibi mwa Kenya. Misafara ya pwani ilifika kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, tangu karne ya 19, ikaleta Kiswahili. Nyumbani watu huzungumza Kiwanga. Leo maombi ya huduma za serikali hupitia eCitizen, tovuti ya serikali, na asiyeifahamu humlipa mtu wa saiba, duka la intaneti, amjazie fomu.

Walimu na vijana wa saiba wa Ekero, rekodini skrini mkijaza fomu hizo hatua kwa hatua, mkieleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiwanga. Simu inatosha, na picha ni ileile.