Ulumbi wa Unguja: kutoka barazani hadi kipaza sauti

Kusema mbele za watu, Mji Mkongwe wa Unguja haukukufundisha darasani. Mkaazi wa mji alijifunzia barazani, kwenye kikao kirefu cha mawe na chokaa kilichojengwa ubavuni mwa nyumba, penye buli la kahawa, bao na dhumna.

Hadhira ya hapo ilikuwa ngumu kuliko ya mkutano wowote. Wasikilizaji walikuwa majirani: walimjua msemaji, walimjua baba yake, walijua deni lake dukani na alichokisema juzi. Aliyetia chumvi alirudishwa papo hapo. Aliyerefusha maneno aliachiwa baraza peke yake. Ndiyo maana ufundi wa msemaji wa Unguja ulikuwa kwanza ufundi wa kujizuia. Alianza kwa salamu, akataka radhi kwa waliomzidi umri, kisha akaligusa jambo kwa mbali kabla ya kulikaribia. Ukali aliupitisha ndani ya fumbo au kijembe. Fumbo humwachia mlengwa nafasi ya kujifanya hakusikia, na katika mji ambao watu hao hao watakutana tena jioni, nafasi hiyo ina thamani. Wanawake, ambao baraza la nje halikuwa lao, waliutumia ufundi huo huo kwenye maneno ya kanga na nyimbo za taarab. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, aliyafikisha mafumbo ya Ng'ambo, upande wa pili wa mji, mbali kuliko msemaji yeyote wa kiume wa zama zake.

Msikitini utaratibu ulikuwa mwingine. Khutba ya Ijumaa ina sehemu mbili, khatibu hukaa kidogo baina yake, na sunna ni kuifupisha. Lakini kwa muda mrefu ilisomwa kwa Kiarabu, na waliomfuata khatibu neno kwa neno walikuwa wachache. Ulumbi wa Kiswahili ulikomaa zaidi kwenye darsa: mwalimu husoma kipande cha kitabu, akakifasiri, kisha akakieleza kwa mifano ya maisha ya waliomzunguka. Mji wa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, waliofariki wote wawili mwaka 1925, haukuwa na upungufu wa walimu wa namna hiyo. Baadaye alikuja Sheikh Abdalla Saleh Farsy (1912–1982), Kadhi Mkuu wa Zanzibar kuanzia 1960, ambaye tafsiri yake kamili ya Qurani kwa Kiswahili ilitoka 1969. Alikuwa pia mwalimu wa skuli, na hilo huonekana katika wepesi wa lugha yake.

Zama za siasa ziliutoa ulumbi barazani na kuupeleka viwanjani. Chama cha Hizbu kiliundwa Desemba 1955, cha Afro-Shirazi Februari 1957, na Julai mwaka huo wananchi wakapiga kura kwa mara ya kwanza. Magazeti ya vyama yalisomwa kwa sauti penye kahawa ili na asiyejua kusoma apate lake. Katika jimbo la Ng'ambo walikabiliana wasemaji wa aina mbili: Ali Muhsin Barwani wa Hizbu, msomi wa Makerere na mhariri wa gazeti la Mwongozi, na Abeid Karume wa Afro-Shirazi, baharia wa zamani aliyeongoza chama cha waendesha mashua za kushusha abiria bandarini. Karume alishinda kwa mbali. Si ulimi uliompa ushindi, kwani wapiga kura wa Ng'ambo walikuwa na sababu zao za kutosha. Lakini alisema Kiswahili cha gatini, na waliomsikiliza walikuwa wakimjua.

Kipaza sauti kilibadilisha jambo moja kubwa. Msemaji sasa alizungumza na maelfu asiowajua na wasioweza kumjibu. Kijembe kilichokuwa kikimlenga mtu mmoja kikaelekezwa kwa kundi zima, na kundi halina pa kujifanya halikusikia. Machafuko yaliyoanza siku ya uchaguzi, tarehe 1 Juni 1961, yaliua watu 68. Kuyatupia majukwaa lawama yote si haki, maana ugomvi wa ardhi na ajira ulikuwapo, na uchaguzi wa Januari ulikwisha bila mshindi. Hata hivyo, lugha ya mikutano ilikuwa imekwisha kuwazoeza watu kutazamana kwa makundi.

Redio iliukata kabisa uzi wa kujuana. Tarehe 12 Januari 1964, siku ya mapinduzi, kutoka kituo cha redio cha Raha Leo, wananchi walisikia vitisho vya John Okello, mtu wa Uganda mwenye lafudhi ya ugenini, na wengi waliulizana ni nani huyo. Sauti hiyo ilitiisha kisiwa, lakini haikumpa mizizi: kufika Machi alikuwa ameshaondolewa nchini.

Kisha ikaja miaka 28 ya jukwaa la upande mmoja. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, uwanja wa Kibandamaiti ulijaa tena, na miongoni mwa wasemaji wake wakubwa alikuwa kiongozi wa upinzani Seif Sharif Hamad, aliyewahi kuwa mwalimu wa skuli. Hotuba za jioni zilichambuliwa asubuhi na wafuasi wake penye kahawa ya Jaws Corner, Soko Muhogo, na wapinzani wao wa maskani ya Kisonge, Michenzani, wakajibu kwa vijembe vilivyoandikwa ubaoni kando ya barabara.