Kutoka garaji za Kilo-Moto hadi parsele za Bunia: historia ya pompe ya maji

Leo tunazungumza juu ya kazi ambayo vijana wengi wanaifanya nyumbani siku hizi bila kupitia garaji: kubadilisha pompe ya maji ya gari. Ukipita Mudzipela, Saio ao Nyakasanza, utaona kifuniko cha injini kimeinuliwa ndani ya parsele, na kijana ambaye mwaka jana alikuwa mkulima wa Djugu ameinama akishika funguo.

Watu husema ni umaskini ndio ulioleta kazi hii nyumbani. Ni kweli, lakini si yote. Kila mara garaji kubwa zilipoanguka hapa Ituri, ufundi haukufa pamoja nazo. Ulihamia kwa watu, na katika kuhama ulipoteza vipande njiani. Vipande hivyo ndivyo vinavyofanya pompe mpya iharibike baada ya miezi michache.

Pompe ilitoka wapi

Injini huchoma mafuta, na moto huo ungeiyeyusha kama hakuna kitu cha kubeba joto. Magari ya kwanza kabisa ya Karl Benz, mwaka 1886, yaliacha maji yachemke na kupotea hewani. Dereva aliongeza maji njiani kama mtu anayepika maharage. Mwaka 1900 Mjerumani Wilhelm Maybach alitengeneza radiateri yenye vitundu vingi kama sega la nyuki, na gari likaweza kwenda mbali kwa maji machache.

Hata hivyo pompe haikukubaliwa mara moja. Ford Model T ilipotoka Marekani mwaka 1908, magari yake ya kwanza yapata 2.500 yalikuwa na pompe. Kisha kiwanda kikaiondoa. Maji ya moto yalipanda yenyewe, ya baridi yakashuka, na mzunguko ukatosha. Injini za namna hiyo zilivumilia maji ya mto, kwa sababu hapakuwa na pompe ya kuharibu. Baadaye injini zilipopata nguvu zaidi, mzunguko wa polepole haukutosha, na pompe ikarudi moja kwa moja. Lakini desturi ya kujaza maji ya mto ilibaki kwa madereva hadi leo.

Garaji za kampuni

Kwetu gari lilifuata dhahabu. Mwaka 1903 Waaustralia wawili, Hannan na O'Brien, walipata dhahabu upande wa Kilo. Mwanzoni vyombo vya mgodi vilibebwa vichwani na mabegani mwa watu wetu, kwa kulazimishwa, kutoka Ziwa Albert hadi mlimani. Miaka ya 1920 magari yalianza kuchukua mizigo hiyo, katika barabara zilizochimbwa na mikono ya watu haohao. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, yenye vituo kama Bambu, Mongbwalu na Watsa. Upande wa Uele, kampuni ya Vicicongo ilifikisha reli yake Mungbere mwaka 1937, na malori yake yalibeba mizigo kule ambako reli haikufika.

Kampuni za namna hiyo zilihitaji garaji zao wenyewe, kwa sababu kipuri kilisafiri miezi kwa meli. Kwa ubaya wote wa utawala ule, garaji kubwa ilikuwa na vitu vitatu ambavyo parsele haina: kitabu cha mtengenezaji wa gari, ufunguo wa kupima nguvu ya kukaza bulonge, na fundi mkubwa aliyesimama nyuma ya mwanafunzi. Vijana wa Ituri walianza kwa kuosha vyuma na kushika taa, na wengine wakaishia kufungua injini nzima.

Namna garaji zilivyoanguka

Uasi wa Simba wa 1964 ulifika hata Ituri. Mwaka 1966 serikali ilichukua Kilo-Moto. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire. Wengi waliopewa hawakuwa na fedha ya vipuri wala mazoea ya kazi, na magari yakaanza kulishana: moja linafunguliwa ili lingine litembee. Desemba 1996 vita vya kumwondoa Mobutu vikafika Bunia. Kisha vikaja vita vyetu wenyewe tangu 1999, hadi Mei na Juni 2003, mji ulipowaka moto na jeshi la Ulaya la Artemis likatumwa hapa.

Katika miaka hiyo fundi aliyekimbia hakubeba kitabu wala mashine. Alibeba funguo chache katika gunia, na alipofika alipokimbilia alifanya kazi chini ya mwembe. Tangu Desemba 2017, vijiji vya Djugu vilipoanza kuchomwa tena, tunaona jambo lilelile: ufundi unatembea kwa miguu pamoja na familia. Ndiyo maana anayejifunza leo katika parsele anafundishwa namna ya kufungua, lakini mara nyingi hapati sababu ya kila hatua.

Kazi yenyewe, na sababu zake

Tuseme gari ni la zamani, pompe inazungushwa na mkanda wa feni nje ya injini. Kama pompe inazungushwa na mkanda wa ndani, ule unaopanga saa ya valvu, usijaribu peke yako. Jino moja likikosewa, pistoni inaweza kugonga valvu na injini ikafa.

Anza kwa kuuliza kama pompe ndiyo mgonjwa. Pompe ina kitundu kidogo chini ya shingo yake. Maji yakidondoka hapo, silinya ya ndani imechoka. Shika feni injini ikiwa imezimwa na imepoa, uitikise: ikicheza, ama ikinguruma inapozunguka, beringi imekwisha. Kama hakuna dalili hizo, tazama kwanza mipira, kifuniko cha radiateri na termostati. Wengi wametumia fedha ya chakula kununua pompe wakati ugonjwa ulikuwa kwenye mpira uliopasuka.

Subiri injini ipoe kabisa. Bunia iko juu ya mita 1.200, na maji yaliyo wazi huchemka hapa kwenye digrii 96 hivi. Ndani ya radiateri iliyofungwa, kifuniko kinayakandamiza hadi yanapita digrii 100 bila kuchemka. Ukikifungua yakiwa moto, yanalipuka usoni. Ondoa waya wa betri, kisha mwaga maji katika beseni. Kama ni maji ya rangi yenye dawa, ni sumu, tena yana utamu: usiyaache wazi mahali penye watoto, mbuzi ao mbwa, wala usiyamwage karibu na kisima. Katika kambi ambapo hema zimebanana, hilo ni jambo la kwanza.

Legeza mkanda, toa feni, kisha bulonge za pompe. Hazina urefu mmoja. Chora umbo la pompe kwenye kipande cha katoni, utoboe matundu, na uchomeke kila bulonge mahali pake. Bulonge ndefu ikiingia tundu fupi inaweza kupasua chuma cha injini. Kwangua gasketi ya zamani polepole, bila kuchimba uso wa chuma, kwa maana mkwaruzo mmoja unatosha kuvujisha. Weka pompe mpya kando ya ile ya zamani ulinganishe matundu, urefu wa shingo na mabawa. Vipuri vyetu vingi vinatoka soko la Kisekka kule Kampala, vinapita Goli na Mahagi, na kurudisha kilichokosewa ni safari nyingine kwenye barabara isiyo na usalama.

Ukirudisha, ingiza bulonge zote kwa vidole kwanza. Kisha kaza kidogo kidogo kwa kukingamisha: ya juu kushoto, ya chini kulia, mizunguko miwili ao mitatu. Hapa ndipo ufunguo wa kupima unapokosekana, na kijana mwenye nguvu anakata bulonge. Mkanda ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba, ushuke kama sentimeta moja. Ukikazwa kupita hapo, unaua beringi mpya.

Mwisho jaza maji polepole, washa injini kifuniko kikiwa wazi tangu ingali baridi, uache mapovu yatoke, uongeze, ndipo ufunge. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, angalia kipimo tena. Tumia dawa ya radiateri kama unaipata. Ukikosa, maji safi ya mvua yaliyochujwa ni bora kuliko ya mto, lakini ni ya kukuvusha tu. Matope na kutu hukwangua silinya ya pompe, na hapo desturi ya zama za injini zisizo na pompe inatugharimu.

Kwa nini tunasumbuka na kitu kidogo hivi

Gari linalochemka Bunia mjini ni aibu ya saa moja. Gari linalochemka katika mpando wa kutoka Kasenyi kuelekea Bogoro, ama kati ya Iga-Barrière na Fataki, likiwa limejaa akina mama, magodoro na watoto, ni jambo lingine. Pompe iliyofungwa vibaya inaweza kuwasimamisha watu mahali ambapo hawapaswi kusimama.

Wazee waliofanya kazi katika garaji za Kilo-Moto wanapungua kila mwaka. Kama uko na mmoja katika familia yako, ao katika kambi unakoishi, mketishe na vijana na daftari. Waandike hatua, na kando ya kila hatua waandike sababu yake. Kisha mtuletee hapa redioni tuyasome hewani, kwa lugha ambayo kila kijana wa Ituri anaielewa, awe wa Djugu, Irumu, Mahagi, Aru ao Mambasa.