Fahamu: Mark Bristow aliongozaje Barrick kwenye migodi yetu?

Tangu mwaka 2017 neno "makinikia" halikauki vijiweni Kahama, Msalala hadi Geita. Wasikilizaji wetu wengi wanatuuliza: yule bosi wa Barrick aliyesaini mkataba Ikulu ni nani, na uongozi wake ulibadilisha nini? Tunaeleza kwa kifupi.

Ni nani?
Mark Bristow ni mjiolojia kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1995 alianzisha kampuni ya Randgold, iliyojenga migodi ya dhahabu Mali na kwingineko Afrika. Januari 2019 Randgold iliungana na Barrick ya Kanada, naye akawa mtendaji mkuu hadi alipoondoka Septemba 2025.

Alikuta hali gani?
Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara zilikuwa chini ya Acacia, ambayo hisa zake nyingi zilikuwa za Barrick. Machi 2017 Serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje. Julai mwaka huo Acacia ikadaiwa kodi ya dola bilioni 190, deni ambalo ililikana. Bulyanhulu ikapunguza uzalishaji na watu wengi wakapoteza kazi.

Aliongozaje?
Kwanza, alikubali kukaa mezani. Mazungumzo yalianzishwa mwaka 2017 na mwenyekiti wa Barrick, John Thornton, pamoja na Rais Magufuli. Bristow aliyafikisha mwisho: Barrick ilinunua hisa zilizosalia za Acacia mwaka 2019, na tarehe 24 Januari 2020 mkataba ukasainiwa. Ikazaliwa Twiga, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16. Manufaa ya kiuchumi ya migodi yanagawanywa nusu kwa nusu, na Barrick ilikubali kulipa dola milioni 300 kumaliza mgogoro.

Pili, alikuwa na desturi ya kufika mgodini mwenyewe mara kwa mara na kujibu waandishi wa habari.

Tatu, alisisitiza wenyeji washike nafasi za juu. Leo Watanzania wamefika hadi ukuu wa mgodi.

Je, kila mtu aliridhika?
Hapana. Baadhi ya wanavijiji wanaoishi jirani na North Mara walifungua kesi Uingereza na Kanada wakidai ukatili wa polisi wanaolinda mgodi. Barrick ilikana kuhusika. Nchini Mali nako mazungumzo yalikwama, na Desemba 2024 ilitolewa hati ya kumkamata Bristow. Kumbe njia iliyofaulu hapa haikufaulu kila mahali.

Inakuhusu nini wewe?
Bosi huja na kuondoka, na dhahabu nayo huisha: Buzwagi iliacha kuzalisha mwaka 2021. Kinachobaki ni kile kijiji kilichojenga wakati mgodi ulipokuwa hai. Sheria ya Madini inautaka mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii pamoja na halmashauri. Vilevile halmashauri hupata ushuru wa huduma unaotokana na mapato ya mgodi.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa kijiji, muulize diwani wako maswali matatu: mpango wa mwaka huu una miradi gani? Ushuru umeingia kiasi gani? Na umefanya nini? Kiongozi wa kampuni, awe nani, hupimwa kwa majibu hayo.