Jumla ya Darasa la Saba: Ilikotoka na Jinsi ya Kuisoma

Ndugu msomaji, na hasa wewe mzazi uliye na mtoto darasa la saba, naomba tuanze na karatasi moja.

Mwezi wa Februari 2020 baba mmoja alifika shuleni kwetu kulipia mahitaji ya mwanawe wa kidato cha tatu. Nilipomwuliza habari za binti yake, ambaye nilijua alikuwa amefanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mwaka uliotangulia, alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwalimu, yule amefeli," akasema. "Amepata 26. Nampeleka kwa shangazi yake mjini akajifunze kusuka nywele." Karatasi ilisema hivi: Hisabati 4, Sayansi 7, Maarifa ya Jamii 7, Kiingereza 8. Jumla 26, daraja la tatu. Binti alikuwa na miaka 13.

Sina neno baya juu ya ususi. Ni kazi ya heshima na inalisha nyumba nyingi. Lakini baba yule alikuwa akifanya uamuzi wa maisha ya mtu kwa kutumia nambari ambayo hajawahi kuelezwa maana yake. Wala si yeye peke yake. Ninamfahamu mzee aliyempongeza mjukuu mwenye 28 na kumkaripia mwenye 9, kwa kuwa shambani na sokoni kikubwa ndicho kizuri. Tulicheka, lakini kosa halikuwa la mzee.

Tuanze basi na hesabu yenyewe. Hapa Uganda mtahiniwa wa darasa la saba hufanya karatasi nne nilizozitaja. Kila karatasi husahihishwa kwa alama 100, kisha alama hizo hugeuzwa kuwa gredi kati ya 1 na 9; 1 ndiyo bora kabisa, 9 ni kushindwa. Gredi nne zikijumlishwa hupatikana ile ambayo wengi huiita agrigeti. Aliyefanya vizuri kuliko wote ana 4, na aliyeshindwa kila karatasi ana 36. Kuanzia 4 hadi 12 mtoto huwekwa katika daraja la kwanza, na madaraja huendelea kushuka kutoka hapo. Herufi X humaanisha kwamba mtoto hakufika kwenye mtihani.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba mpaka kati ya gredi moja na nyingine hauandikwi kabla ya mtihani. Baraza la Mitihani la Taifa, yaani UNEB, huipanga mipaka hiyo baada ya usahihishaji, kwa kutazama ugumu wa karatasi ya mwaka ule. Kwa hiyo ukimwambia mwanao, "Kaka yako alipata 80 akapewa gredi fulani, nawe mbona huna?", huenda unalinganisha vitu viwili visivyolingana.

Na kwa nini tuna nambari kama hii? Hapo ndipo historia inapotusaidia.

Shule za kwanza za bweni nchini zilianzishwa na wamisionari: Namilyango mwaka 1902, Gayaza 1905, Budo 1906. Zilikuwa chache, na zilibaki chache kwa miaka mingi. Katika miongo ya mwisho ya ukoloni mtoto alisoma shule ya msingi miaka sita, kisha miaka miwili ya sekondari ndogo, ndipo aingie sekondari kamili, na kila ngazi ilikuwa na mlango wake mwembamba. Mwisho wa safari yote ulikuwa cheti cha Cambridge, ambacho maswali yake yalitungwa Uingereza. Serikali ya kikoloni ilihitaji makarani, wakalimani na walimu kwa idadi maalumu. Haikuwa na nia ya kumsomesha kila mtoto. Mtihani ulikuwa njia ya kuamua nani apite na nani arudi nyumbani, bila ya mtu yeyote kulazimika kueleza kwa nini nafasi hazitoshi. Aliyerudi alijiona mjinga. Hakujua kwamba hata kama wote wangefanya vizuri, viti vilikuwa vilevile.

Baada ya uhuru wa 1962, tume ya mwaka 1963 iliyoongozwa na Profesa Castle ilitazama upya mfumo huo, na katika miaka iliyofuata sekondari ndogo iliondolewa, elimu ya msingi ikawa ya miaka saba. Milango miwili ikawa mmoja. Naona jambo hili halisemwi vya kutosha: uzito wote wa kuchuja ambao zamani uligawanywa mara mbili uliangukia mtihani mmoja, unaofanywa na watoto wa miaka 12 na 13 kwa siku mbili za mwezi wa Novemba.

Kwa upande wa sekondari, nchi zetu tatu ziliunda Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1967 ili tuachane na Cambridge hatua kwa hatua. Umoja huo haukudumu. Tanzania ilijitoa 1971 na kuanzisha baraza lake 1973. Kenya ikafuata 1980. Nasi tukaanzisha UNEB kwa sheria ya Bunge mwaka 1983. Inafaa kukumbuka kwamba Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la 1967, alikuwa amekwisha kulalamika kwamba mitihani hupima kumbukumbu kuliko uwezo wa kufikiri, tena haipimi kabisa moyo wa kuwatumikia wengine. Azimio la Musoma la 1974 lilijaribu kuupunguza uzito wa mtihani wa mwisho kwa kuhesabu pia kazi ya kila siku. Huku kwetu mjadala kama huo ulichukua miongo kadhaa zaidi kuzaa matunda, nami nitaurudia mwishoni.

Mabadiliko makubwa kwetu yalikuja Januari 1997, serikali ilipotangaza elimu ya msingi kwa wote, kwanza kwa watoto wanne wa kila familia. Wanafunzi takriban milioni 3 wa mwaka 1996 wakawa zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja. Wengi wetu tulio walimu leo tulisoma chini ya miembe wakati huo. Nakumbuka tulivyogeuka na kivuli mchana kutwa. Mwaka 2003 watoto walioanza darasa la kwanza 1997 walifika darasa la saba, na foleni ikawa ndefu kuliko wakati wowote. Jibu la serikali lilikuwa elimu ya sekondari kwa wote, iliyoanza 2007. Naomba usome sentensi ifuatayo taratibu: sharti lililowekwa ili mtoto alipiwe karo na serikali katika mpango huo lilikuwa jumla isiyozidi 28.

Binti wa yule baba alikuwa na 26.

Nilimweleza. Hakuamini, kwa sababu alikuwa amesikia redio ikitaja daraja la kwanza, na gazetini ameona picha za watoto wenye 4 wakibebwa mabegani. Gazeti halidanganyi, ila huchagua. Katika matokeo ya 2024, kwa mfano, watoto wa daraja la kwanza walikuwa kama mmoja tu katika kila kumi, na karibu nusu ya watahiniwa wote waliangukia daraja la pili. Mtoto wa kawaida wa Uganda hamwoni mtoto wa kawaida gazetini.

Yapo mambo mengine ambayo karatasi ile haisemi. Wakuu wa shule za sekondari hukutana Kampala kila mwaka baada ya matokeo kuchagua wanafunzi wa kidato cha kwanza, na shule zinazosifika huweka kikomo kulingana na idadi ya walioziomba. Mwaka huu kikomo kinaweza kuwa hiki, mwakani kikawa kingine. Mtoto anayekosa nafasi kwa jumla moja hajawa mzito wa akili usiku ule. Foleni ndiyo iliyorefuka. Ndiyo maana fomu ya kuchagua shule, ambayo hujazwa kabla ya mtihani, yastahili kujadiliwa nyumbani kwa utulivu. Mzazi anayejaza shule tatu za sifa kuu ili majirani waone, humwacha mwanawe bila pa kuegemea.

Kisha kuna lugha. Karatasi zote nne zimeandikwa kwa Kiingereza. Tangu 2007 mtaala wa madarasa matatu ya kwanza hutumia lugha za nyumbani katika shule nyingi za vijijini, na mtoto huhamia Kiingereza kuanzia darasa la nne. Miaka mitatu baadaye anaulizwa kwa Kiingereza juu ya usanisinuru na juu ya maziwa ya nchi yake. Tazama tena gredi za binti yule: 4 katika Hisabati, ambamo maneno ni machache, na 7 na 8 palipo na maneno mengi. Mimi nikiona karatasi ya namna hiyo sioni mtoto aliyefeli. Naona mtoto anayefikiri vizuri na ambaye hajapewa lugha ya kutosha. (Kuhusu Kiswahili, ambacho baraza la mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022, hakimo katika karatasi hizo nne. Walimu wenzangu wa shule za msingi huniambia wazi kwamba kisichotahiniwa hakifundishwi darasa la saba. Hilo ni donda langu binafsi, na nitaliandikia siku nyingine.)

Tena usichanganye mtihani huu na ule unaoitwa NAPE, ambao UNEB imekuwa ikiufanya tangu 1996 kwa sampuli ya wanafunzi, wakiwemo wa darasa la tatu na la sita. Huo haumpi mtoto wako gredi wala haumzuii kwenda popote. Huipima nchi: je, watoto wetu wanasoma na kuhesabu inavyopaswa? Mwalimu akikuambia kwamba mwanao amechaguliwa kuufanya, huna haja ya kumtafutia masomo ya ziada ya usiku wala kulipia chochote.

Yule baba aliondoka siku ile bila kunijibu. Wiki iliyofuata alimleta binti, akiwa na sanduku la mabati na godoro. Hawakujua, wala mimi sikujua, kwamba baada ya mwezi mmoja tu shule zote nchini zingefungwa kwa ajili ya korona, na kwamba zisingefunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Wasichana wengi wa rika lake hawakurudi. Yeye alirudi.

Darasa lake ndilo lililokuwa la kwanza kusoma mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020, ambao asilimia 20 ya matokeo hutokana na kazi za darasani na miradi, na 80 iliyobaki hutokana na mtihani wa mwisho. Walitahiniwa mwishoni mwa 2024. Matokeo yalipotangazwa Februari 2025 hayakuwa na jumla wala madaraja ya zamani. Kila somo lilipewa herufi, kuanzia A hadi E.

Baba alikuja na karatasi imekunjwa mara nne, kama ile ya kwanza. "Mwalimu," akaniuliza, "jumla yake ni ngapi?" Nikamwambia safari hii hakuna jumla. Tukavuta benchi nje ya ofisi, tukaisoma somo baada ya somo. Hisabati alikuwa na B.